Mtoto miaka 2 na miezi 4, kila kitu kwake ni "mefa". Namsaidiaje apate maneno?

mamaJ_Kimara (Jumapili, saa 4 usiku)

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa hili maana nimechoka kuwaza peke yangu. Nina mtoto wa kiume miaka 2 na miezi 4, tumuite J. Anatembea, anakimbia, anapanda makochi kama tumbili, kula hana shida. Shida ni maneno. Jana nilikaa na karatasi nikaandika yote ninayomsikia akisema nikapata kama 40 hivi, na hapo nimehesabu mpaka "nyau" na "pipii" ya gari. Mama, baba, dada, maji, nyonyo (ziwa aliacha zamani ila neno limebaki), taka akimaanisha nataka, hapana, twende, na lile neno lake kubwa kuliko yote, "mefa".

Mefa ni imekufa. Simu ikiisha chaji, mefa. Kikombe kikidondoka kikavunjika, mefa. Puto likipasuka mefa, biskuti ikikatika vipande viwili mefa, juzi kamwaga maji kwenye zulia akanishika mkono akanipeleka mpaka pale akanionyesha, "mama mefa". Mwanzoni tulikuwa tunacheka na baba yake alikuwa anamsemesha kusudi mbele ya wageni. Sasa hivi sicheki tena, mtoto wa jirani yangu wamepishana wiki mbili tu, wa kike, anakuja mlangoni anakwambia "mama J njoo uone paka kapanda juu", sentensi nzima, wangu ananivuta kanga.

Halafu cha kushangaza hesabu za kizungu anazijua, wan tu thrii mpaka teni, rangi anataja redi, bluu, yelo, zote kazitoa kwenye katuni za simu. Lakini njaa ikimuuma hawezi kusema njaa. Baba yake anasema si unaona ana akili, huyo ni wa inglish midiam, mimi naona kama nina redio ndani ya nyumba.

Mazingira yetu: natoka saa 11 na nusu alfajiri niwahi mwendokasi, nauza duka la vitambaa Kariakoo, narudi saa 2 usiku. Mchana anashinda na dada wa kazi, binti mzuri simlaumu kwa lolote ila ni mkimya, anaweza kumaliza siku nzima hajasema maneno kumi. Kliniki nilimuuliza nesi akanijibu bila hata kuinua kichwa, "wa kiume huwa wanachelewa", akaandika kilo akanirudishia kadi yangu. Mama mkwe anasema ulimi umeshikwa, apelekwe kwa mtu akakatwe ile kamba ya chini. Wifi kasema ninunue zile chati za picha za kubandika ukutani, nimenunua mbili, ya wanyama na ya matunda. Anazichana tu.

Nifanyeje jamani

Kibarua_Mtoro

Mtoto mdogo huyo mnamtafutia magonjwa. Mimi naambiwa niliongea nikiwa na miaka 4, leo mke wangu anatamani ningebaki vile vile 😂

shangazi_mnoko

Kibarua wewe ndo ushahidi kwamba mtu alitakiwa akusaidie mapema.

MamaJ mimi naomba tu uniambie hiyo kamba ya ulimi hujamkatisha. Nakusubiri.

mamaJ_Kimara

Hapana shangazi sijamkatisha, nimemwambia mama mkwe tunasubiri hela 🙈

TichaAwali

Pole dada. Nafundisha darasa la awali shule ya serikali huu mwaka wa 11, napokea watoto wa miaka 5 wananijia wengine wanahesabu mpaka 50 bila kukosea lakini tumbo likiuma hawawezi kuniambia linauma wapi wala limeanza saa ngapi, analia tu mpaka anatapika. Kwahiyo hilo la hesabu za kizungu lisikupe raha wala lisikukatishe tamaa, ni wimbo kakariri, liweke pembeni.

Nataka nianzie kwenye mefa kwasababu hapo naona hamjamuelewa mwanenu. Mtoto huyo kagundua jambo. Simu, kikombe, puto, biskuti, maji, vyote vilikuwa vizima sasa si vizima. Hakufundishwa na mtu, kaviweka kundi moja mwenyewe na akavitafutia neno moja linalotosha. Kinachomkosesha ni kwamba hajasikia vya kutosha kwamba sisi wakubwa kila kitu tunakipa kifo chake. Kikombe kimevunjika. Karatasi imechanika. Kamba imekatika. Puto limepasuka. Maji yamemwagika. Simu imezima. Mswaki umepinda, nguo imetoboka, ndizi imepondeka, ugali umeungua. Hebu angalia utajiri huo.

Sasa akikuletea mefa usimwambie "hapana, sio mefa, sema ki-me-vu-nji-ka". Hapo umemfungulia kesi. Wewe kubali tu halafu uliseme neno lenyewe kama vile unaongea na mtu mzima, "eeh, kikombe kimevunjika. Kimevunjika vipande vipande. Ngoja tufagie, usikanyage, kilichovunjika kinakata." Kalisikia mara tatu ndani ya nusu dakika na kikombe chenyewe anakiona. Hata asiporudia wewe endelea na shughuli zako, kesho kitavunjika kingine, kwa mtoto wa miaka 2 hilo halina wasiwasi.

La chati. Chati haina ubaya ila inafundisha majina tu, na majina yenyewe twiga, pundamilia, stroberi. Kimara nani ana stroberi? Kiswahili chetu mali yake nyingi iko kwenye vitenzi, na vitenzi huwezi kuvichora ukutani, vinatendeka. Chukua kazi ya maji peke yake. Vyombo tunaosha, nguo tunafua, uso tunanawa, mwili tunaoga, sakafu tunadeki, sufuria lenye masizi tunasugua, nguo ikitoka kwenye povu tunasuuza, tunakamua, tunaanika, jioni tunaanua. Mtoto aliyekaa na beseni lake dogo pembeni ya mama Jumamosi moja kapata maneno kumi ambayo chati ya elfu tano haina. Lakini ni mpaka wewe uyaseme. Ukifua kimya ukimaliza ukasema "haya tumemaliza" hajapata kitu.

Halafu muache mitihani. Nawaona wazazi wakija kuwachukua watoto, njia nzima "hii nini? hii nini? sema ndizi. sema." Mtoto anafunga mdomo kama mlango wa benki. Ukimuuliza kitu muulize usichokijua jibu lake ("unataka kubeba nini, kikapu au mwavuli?") kisha USUBIRI. Hesabu moyoni mpaka tano. Sisi tunasubiri sekunde moja halafu tunamjibia wenyewe.

mamaJ_Kimara

Mwalimu asante sana, hiyo ya mefa umenigusa mpaka nimeona aibu. Ila Jumamosi nipo dukani mpaka saa 11 jioni, Jumapili ndo siku yangu moja na ina kanisa ndani yake. Siku za kazi nikifika saa 2 nimeiva. Huo muda wa kukaa na mtoto na beseni nautoa wapi?

TichaAwali

Simaanishi uongeze muda dada, huna na sitakudanganya kwamba upo. Nasema mdomo uende kwenye kazi unazofanya tayari. Ukifika nyumbani unamvua au unamvisha kitu? Unamuogesha? Basi hapo hapo. "Vua kandambili. Inua mikono. Shati limenasa kichwani, ngoja nilivute. Lo, umelivaa nje ndani." Dakika kumi za bafuni zinatosha kabisa, ila simu yako iwe mbali.

Mjuaji_wa_Mtaa

Kuna ule utafiti wa Wamarekani, mtoto wa maskini anafika shule kasikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa tajiri. Kwahiyo mamaJ kimsingi unatakiwa uongee tu muda wote, idadi ndo inajenga.

TichaAwali

Huo wa 1995 naufahamu, tulisomeshwa chuoni kama vile umeshuka kutoka mbinguni. Zilikuwa familia 42 tu huko Kansas na ile milioni 30 imepigiwa hesabu kutoka kwenye saa chache walizorekodi. Waliokuja kurudia baadae, 2018 kama sikosei, wakahesabu na maneno ya watu wengine ndani ya nyumba, yaani bibi, kaka, wajomba, hawakuliona hilo pengo. Na nyumba zetu nani anaongea na mtoto, si watu saba? Ukiongea muda wote kama redio mtoto anakuzima kama redio. Kinachomjenga ni nenda rudi, yeye kasema moja wewe unarudisha na nyongeza kidogo. Kasema "gari", wewe "gari kubwa". Kasema "gari kubwa", wewe "gari kubwa la mchanga limekwama".

sikio_pua_koo

Nimechelewa kwenye uzi huu. Nafanya kazi kitengo cha masikio, pua na koo hospitali moja ya kanda, sitaitaja. MamaJ kabla ya beseni na kila kitu naomba unijibu haya manne:

Ukimuita jina lake akiwa kakupa mgongo, na TV imezimwa, anageuka? Ukimwambia "nenda chumbani ulete kiatu cha baba" bila kuonyesha kwa kidole wala macho, anakileta? Yeye mwenyewe anaonyesha vitu kwa kidole ili na wewe uvione? Je amewahi kuwa na maneno halafu yakapotea?

Na anapata mafua mara kwa mara au usaha sikioni?

mamaJ_Kimara

Kiatu analeta tena anakuja nacho kimoja anacheka. Kidole anaonyesha sana, ndege ikipita lazima tuitazame wote. Kupoteza maneno hapana. Kuitwa jina, hapo sijui nisemeje, mara anageuka mara hageuki, nilidhani ni ukaidi. Mafua ndo maisha yake na usaha ulimtoka mwaka jana sikio la kushoto, tukapewa matone ukakauka.

sikio_pua_koo

Sawa. Umenipa habari nzuri mbili na moja ya kufuatilia. Kuleta kiatu maana yake anaelewa, na mtoto anaeelewa vizuri ana akiba ndani, kuongea kunakuja nyuma ya kuelewa siku zote. Kuonyesha kwa kidole ni nzuri sana. Sisi kwa kawaida mtoto akifika miaka 2 tunategemea awe na maneno kama 50 na awe ameanza kuunganisha mawili, "maji baridi", "baba enda". Wako ana 40 na "mama mefa". Hayuko mbali lakini hayuko pale, kwahiyo hatulii wala hatukai tu kusubiri. Na hilo la "wa kiume wanachelewa", ni kweli kwa wastani wavulana wako nyuma kidogo, lakini kidogo hicho hakitoshi kumrudisha mama nyumbani bila kumuuliza chochote kuhusu masikio.

La kufuatilia ni sikio. Mtoto mwenye mafua yasiyokatika maji yanaweza kujaa nyuma ya ngoma ya sikio, hakuna maumivu wala homa, ila anasikia kama mtu aliezama kwenye maji. Katuni inapiga kelele anaisikia vizuri, wewe ukimwambia "shika kijiko" kwa sauti ya kawaida anapata "..ka ..jiko". Leo anasikia kesho hasikii, ndo maana unaona ukaidi. Kuna kipimo cha kifaa kidogo kinaingizwa mlangoni mwa sikio, hakiumi, dakika chache. Upo Dar, Muhimbili wanapima watoto usikivu (tena hao tangu 2017 wanawawekea vifaa vya kupandikizwa watoto waliozaliwa hawasikii kabisa, na hao ukiwawahi mapema ndo matokeo yanakuwa mazuri). Mikoani KCMC na Bugando nao wana vitengo vya masikio. Omba rufaa.

Kamba ya ulimi: ikiwa fupi kweli inaweza kusumbua kunyonya na matamshi ya baadhi ya herufi. Haipunguzi idadi ya maneno. Mtoto mwenye ulimi ulioshikwa angesema maneno mengi vibaya, sio machache. Na kukatwa mtaani kwa wembe ni kutafuta damu isiyokatika na pepopunda. Mwambie mama mkwe mimi ndo nimekataa.

Simu: WHO walitoa mwongozo 2019, chini ya mwaka mmoja hakuna kabisa, miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora. Sio kwamba katuni ni sumu. Katuni haimsubiri. Yeye akisema mefa katuni inaendelea tu.

dada_wa_Muscat

Jamani niongezee moja kwa wenye lugha mbili ndani. Sisi tupo Muscat, ndani Kiswahili, nje Kiarabu, shule kizungu. Wangu alipochelewa ndugu wakanishauri tuache Kiswahili "kinamchanganya". Mtaalamu wa hapa akanikataza, akasema hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja na endelea na lugha unayoiongea vizuri, kwasababu ukimuongelesha mtoto kwa lugha unayoitafuta unampa maneno ya kuungaunga. Tukahesabu upya kumbe alikuwa anayo mengi tu. Kilichotushinda ni "mai", Kiarabu cha huku ni maji, na bibi yake mzaa baba ni wa Lamu nae anasema mai! Mpaka leo hatujui tuliandike upande gani.

Kwahiyo mamaJ redi na yelo zihesabu kama anazitumia kweli kwa kitu, akiona tu nguo nyekundu akasema redi hilo ni neno. Wan tu thrii ziache.

BabaWatatu_Mza

Mi naomba niulize ambacho hakuna alieuliza. Huyo dada wa kazi kwao wapi na mkimya kwanini? Sisi tulikuwa nae mmoja wa hivyo hivyo miezi mitatu haongei, siku moja nimerudi mapema nikamkuta uani anampigia mwanangu hadithi kwa kilugha chao mpaka mikono inatembea, aliponiona akanyamaza kama kafumwa anaiba. Kumbe mama watoto alimkataza kuongea kilugha na mtoto, na Kiswahili chake tulikuwa tunakicheka mezani. Sasa masaa 12 mtoto anashinda na mtu mliemfunga mdomo wenyewe halafu mnauliza maneno yako wapi.

Sisemi ni wewe. Nauliza tu.

shangazi_mnoko

Baba watatu leo umeamka na nini 👏🏾

Babu_Pangani

Wanangu hamjambo. Mimi ni mzee wenu, nasoma hapa kwa msaada wa mjukuu. Nikuambie mwanangu mama J, huku kwetu mtoto alikuwa anapata maneno jikoni na shambani, hakuna aliyemkalisha.

Mwaka juzi mjukuu wangu wa kike ana miaka 6 kaletwa likizo kutoka huko Dar, shule anayosoma ni ya kizungu. Bibi yake anapika wali wa nazi, akamwambia "bibi hebu kaniletee mbuzi hapo nyuma". Mtoto kaenda. Kakaa. Kakaa sana. Mara tunamuona anakuja kavuta kamba, analia, na beberu langu nyuma linamburuza. Mbuzi ya kukunia nazi haijui, kuiona hajaiona, kwao tui linatoka kwenye boksi.

Basi nikamkalisha hapo hapo juu ya ile mbuzi yenyewe nikampa nusu ya nazi akune. Nikamwambia nazi haizaliwi nazi. Ikianza ni kidaka, inakuwa kitale, ikipata maji ya kunywa ni dafu, ikianza kukomaa ni koroma, ikikomaa ndiyo nazi, ukiiacha ikakauka ndani ni mbata. Kilichoivaa nje ni kumbi, gamba ni kifuu, ukikuna ukakamua maji yake ni tui, yanayobaki mkononi ni chicha, wape kuku. Siku ya tatu alikuwa anamsahihisha mama yake kwenye simu, "mama, hilo siyo nazi, ni koroma".

Na wali ni hivyo hivyo. Shambani mpunga, ukikobolewa mchele, ukipikwa wali, uliogandia chini ya sufuria ukoko na ndiyo mtamu. Huko kwenye kizungu naambiwa vyote ni raisi. Sasa na Rais mwenyewe wanamwitaje?

Vitendawili ni vya mtoto aliyepevuka kidogo, miaka 4, 5, huyo wako bado. Lakini akifika umtegee, nyumba yangu haina mlango, umwache alale nayo. Usimpe jibu mpaka akupe mji.

Kibarua_Mtoro

Shikamoo babu. Nimesoma mara mbili hapo kwenye koroma, nina miaka 37 leo ndo najua 😂😂 sasa na mimi nihesabiwe nimechelewa?

Babu_Pangani

Marahaba mwanangu. Wewe nakutegea kesho.

mamaJ_Kimara (wiki tatu baadae)

Nimerudi wapendwa, samahani kwa ukimya.

Tulipata rufaa tukaenda tukapimwa. Sikio la kulia safi, la kushoto kuna maji maji nyuma ya ngoma kama alivyosema kaka wa masikio. Hawajampa kitu kikubwa, tumeambiwa tutibu mafua, tuongee nae tukiwa mbele yake, turudi baada ya miezi mitatu wapime tena, mengi huwa yanakauka yenyewe. Mama mkwe nimemuonyesha karatasi ya hospitali, kanyamaza, sijui kwa muda gani.

BabaWatatu swali lako lilinikosesha usingizi. Sikumkataza mimi, ila mume wangu aliwahi kumcheka mbele ya wageni kwa neno moja la kwao alilochanganya, wote tukacheka na mimi nilicheka. Dada ni Mnyaturu. Jumapili moja nikakaa nae tunachambua mchicha nikamwambia ongea na J vyovyote unavyoongea na wadogo zako nyumbani, kilugha, Kiswahili, nyimbo, vyote ruksa. Akaniangalia kama namtega. Wiki ya pili narudi usiku nawasikia kabla sijafika mlangoni. Sasa J ana maneno mawili matatu ambayo mimi sina, inabidi nimuulize dada mwanangu anasema nini. Mume wangu kakasirika siku moja, ya pili kaanza kuuliza na yeye.

Lakini nilichokuja kusema hasa ni hiki. Ticha alivyosema mdomo uende kwenye kazi mimi nilijiona naongea sana nyumbani, mimi si mkimya jamani. Basi Jumapili nikawasha kinasa sauti cha simu nikaiweka juu ya friji nikaisahau saa nzima, usiku nikasikiliza na hedfoni. Sikuamini ni mimi. "Lete hiyo." "Weka pale." "Acha hicho." "Toa hapo." "Shika hii." "Sio hiyo, ile." "We, hebu, ile nanihii iko wapi." Nikahesabu, hiyo na hicho na ile na wenzao mara 46 ndani ya saa moja. Neno kikombe mara sifuri na nilikuwa nae jikoni. Yaani namuuliza mtoto maneno yako wapi wakati mimi mwenyewe nampa vidole tu. Kiswahili kinaruhusu sana hii, unaweza kuendesha nyumba nzima kwa hicho na ile na watu wakaelewana.

Kwahiyo nimeanza. Mwanzo nilijisikia mjinga, "J lete kijiko, kijiko kiko kwenye beseni, kijiko kimelowa, tukipanguse". Mume wangu akauliza unamhutubia nani. Lakini zimefika wiki mbili na orodha yangu ya kwenye karatasi imefika 63, nimebandika pale ilipokuwa chati ya matunda. Lowa anasema. Mwaga anasema. Nanasa anasema akimaanisha shati limenasa kichwani. Jana kaniambia "dada nua nguo", mvua imeanza, mtoto kaona kamba ya nguo. Nimekaa chini.

Mefa bado ipo ila imeanza kupungua kazi. Simu bado inakufa. Puto linapasuka. Na leo asubuhi kapewa chapati, kaivuta huku na huku ikaachana katikati, akanipa kipande kimoja akaniangalia akasema "pati mechanika".

Sasa nimekwama, sikujua nimrudishie nini. Chapati inachanika au inakatika?

shangazi_mnoko

Inamegeka.

Kibarua_Mtoro

Inayomegeka ni ugali shangazi. Chapati inakatika.

dada_wa_Muscat

Inakatika ukikata kwa kisu. Ukivuta kwa mkono inachanika, ni kama kitambaa, mtoto yuko sahihi.

BabaWatatu_Mza

Kwetu inanyofoka

TichaAwali

MamaJ mwambie "eeh imechanika, nipe na kile kipande kikubwa" 😂 hawa waache wagombane